UZI: Kuhamisha na kukarabati kinanda cha filimbi cha kale bila kukiua

Mvukuto (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa vinanda vya filimbi vya kanisani, vile vinavyopulizwa na mivukuto, si vya umeme. Makanisa mengi ya Ulaya na Marekani yanafungwa au kuunganishwa, na vinanda vyenye umri wa miaka mia na zaidi vinatafutiwa nyumba mpya. Kuvihamisha kunawezekana kabisa. Kuviharibu wakati wa kuvihamisha ni rahisi zaidi.

Naanza na mfano unaowahusu Wamoravian wa Rungwe, Mbeya na Tabora kwa undugu. David Tannenberg alizaliwa mwaka 1728 Berthelsdorf, Saxony, jirani kabisa na Herrnhut, jumuiya ambayo mwaka 1891 ilituma wamisionari wake Unyakyusa. Alivuka bahari kwenda Pennsylvania, akawa fundi wa vinanda aliyeheshimika kuliko wote Marekani ya zama zake. Mwaka 1800 kinanda chake chenye kibodi mbili za mikono, pedali na rejista 13 (safu za filimbi zenye sauti ya aina moja) kilifungwa katika kanisa la Wamoravian la Salem, North Carolina. Mkwewe, Philip Bachmann, ndiye aliyekwenda kukifunga.

Mwaka 1910 kilifunguliwa kupisha kinanda kipya. Vipande vikawekwa stoo miaka na miaka. Karakana ya Taylor & Boody ya Virginia ndiyo iliyokuja kuvikarabati, na mwaka 2004 kinanda kikalia tena, safari hii katika ukumbi wa Old Salem uliojengwa kwa kukizingatia chenyewe.

Nadhani ile stoo, pamoja na vumbi lake lote, ndiyo iliyokiokoa. Kinanda kilichobaki kanisani karne nzima ya 20 kilikuwa katika hatari kubwa zaidi: kuongezwa presha ya upepo, kukatwa filimbi ili kilingane na piano, kubadilishiwa mitambo ya mbao kwa ya umeme. Kilicholala vipande vipande hakuna aliyekigusa.

Msimamo wangu, na ndio ninaotaka tuujadili hapa: chombo kisibadilishwe ili kiingie kwenye jengo. Jengo ndilo liandaliwe. Na kabla ya bisibisi ya kwanza, kila kitu kipimwe.

Vipimo vinavyochukuliwa kinanda kikiwa bado kimesimama, maana baadaye havipatikani tena:

Presha ya upepo. Mrija wa plastiki wenye umbo la U na maji ya rangi ndani, ncha moja inaingizwa kwenye tundu la filimbi iliyotolewa, unasoma tofauti ya kimo kwa milimita. Pima mara mbili: kwanza umebonyeza kitufe cha filimbi hiyo peke yake, rejista yake ikiwa imefunguliwa, kisha rejista zote zikiwa zimefunguliwa na umebonyeza vitufe vingi pamoja. Tofauti kati ya masomo hayo mawili inakuambia hali ya mivukuto na njia za upepo. Vinanda vingi vya karne ya 18 vinafanya kazi kati ya mm 50 na 80. Ukikuta mm 95 kwenye kinanda cha aina hiyo, shuku kwamba kuna mtu aliongeza mawe juu ya mivukuto.

Sauti ya kila filimbi kwa hezi (mitetemo kwa sekunde), pamoja na halijoto ya chumba saa hiyo. Namba ya hezi bila halijoto haina maana, nitaeleza huko mbele.

Kila filimbi: urefu wa mwili, kipenyo, upana wa mdomo, kimo cha uwazi wa mdomo, kipenyo cha tundu la mguu, na maandishi yoyote yaliyokwaruzwa juu yake. Mafundi wa kale walikwaruza jina la noti kwenye mwili au mguu. Ukikuta filimbi iliyoandikwa C imekaa kwenye nafasi ya Cis (C iliyopandishwa nusu toni), tayari unajua mtu alishaisogeza safu nzima nusu toni.

Mengine nayaleta taratibu. Karibuni.

---

Seremala_wa_Pwani

Mkuu Mvukuto, ahsante kwa uzi. Naongeza mfano wa kinanda cha Cappel, maana uhamisho ule ulifanyika enzi za mikokoteni na matokeo yake yanasikika hadi leo.

Fundi Arp Schnitger alikijenga mwaka 1680 kwa ajili ya kanisa la St. Johannis, Hamburg. Kanisa la kijiji cha Cappel, kaskazini mwa Ujerumani karibu na bahari, liliungua mwaka 1810. Wakati huohuo St. Johannis liligeuzwa ghala na Wafaransa waliokuwa wanaitawala Hamburg. Cappel wakakinunua, na mwaka 1816 fundi Johann Georg Wilhelm Wilhelmy wa Stade akakihamisha. Rejista 30, kibodi mbili za mikono na pedali.

Kanisa la Cappel ni dogo kwa chombo kile, wala halikuwa na fedha za kukifanyia mambo makubwa. Kwa hiyo kiliachwa kilivyo. Ni miongoni mwa vinanda vya Schnitger vilivyobaki na filimbi nyingi zaidi za asili, zikiwemo zile za ulimi (zinazolia kwa ulimi wa shaba unaotetemeka), ambazo kwa kawaida ndizo huwa za kwanza kubadilishwa. Mpiga kinanda Helmut Walcha alirekodi kazi za Bach pale miaka ya 1950, na watu wa nchi nyingi wakaanza kuisikia sauti ya Schnitger kupitia rekodi hizo. Karakana ya Rudolf von Beckerath ilikikarabati miaka ya 1970.

Linganisha na St. Jacobi, Hamburg hukohuko. Cha Schnitger cha mwaka 1693, rejista 60, kibodi nne. Mwaka 1917 filimbi za mbele zilichukuliwa na serikali kwa ajili ya madini ya vita. Vita Kuu ya Pili filimbi na masanduku ya upepo (yanayobeba filimbi na kuzigawia upepo) yakatolewa mapema yakafichwa, kanisa likaungua mwaka 1944. Waliotoa vitu vile kabla ya moto ndio waliomwezesha fundi Jürgen Ahrend kumaliza ukarabati mwaka 1993. Kabati na filimbi za mbele ilibidi vitengenezwe upya, lakini moyo wa chombo ulikuwepo.

---

Sauti_ya_Tatu

Shikamooni wakubwa. Swali kuhusu kukata filimbi. Kwaya na wapiga tarumbeta wanatumia A ya hezi 440. Kinanda cha kale kikiwa chini ya hapo, kuna ubaya gani kukipandisha? Ni sentimita chache tu.

---

Mvukuto

Marahaba. Hesabu iko hivi. Kutoka 415 kwenda 440 ni nusu toni, yaani filimbi inapoteza takriban asilimia 6 ya urefu wake. Filimbi ya C ya futi nane, ambayo mwili wake ni kama mita 2.4, inapoteza karibu sentimita 14. Ya sentimita 30 inapoteza milimita 17 hivi. Ukishakata, hakuna kurudisha isipokuwa kuchomelea kipande kipya juu, na kovu lile linabaki milele.

Urefu wenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni uwiano. Fundi alichagua kipenyo, upana wa mdomo na kimo cha uwazi kwa urefu ule. Ukifupisha mwili, filimbi inakuwa nene kuliko ilivyokusudiwa kwa noti ile, na mdomo unakuwa wa filimbi nyingine. Fundi mwenye haraka anaona sauti imebadilika, anagusa mdomo ili kuirekebisha, kisha presha, kisha tundu la mguu. Hatua nne tu, na sauti ya 1780 imekwisha.

Kinanda cha St. Jacobi kiko juu, hezi 495 hivi, toni nzima juu ya 440. Ahrend hakukishusha. Mpigaji anapoandamana na ala nyingine anahamisha ufunguo wa wimbo toni moja, kama walivyofanya watu wa zama zile. Kwaya inaweza kuimba toni moja juu au chini. Filimbi haiwezi kurefuka.

Jambo la kufurahisha: hata kwenye kinanda kilichokatwakatwa, mara nyingi kuna mashahidi waliopona. Tafuta filimbi ambazo kofia yake imechomelewa moja kwa moja na sauti yake inarekebishwa kwa kukunja masikio mapana pembeni ya mdomo. Hizo haziwezi kukatwa bila kuondoa kofia nzima, na alama ya kuchomelewa upya inaonekana. Safu moja ya namna hiyo ikibaki salama, unapata kimo cha sauti cha asili na mara nyingine hata mpango wa kutuni uliotumika.

---

Kreti_na_Konteina

Mimi nitasemea ufunguaji na usafirishaji, maana hapo ndipo hasara nyingi zinatokea kimyakimya.

Mpangilio wa kufungua: filimbi ndogo kwanza, safu kwa safu, ili upate nafasi ya mikono. Kisha za ulimi. Kisha za mbele, watu wawili kwa kila filimbi kubwa, mmoja ameshika mguu mwingine mwili. Kamwe usiinyanyue kwa kushika mdomo. Kisha zile kubwa za mbao. Kisha traka, yaani vile vijiti vyembamba vinavyounganisha vitufe na vali. Masanduku ya upepo, mivukuto na njia zake, na mwisho kabati. Kabati likitangulia, fremu inayumba na masanduku ya upepo yanapinda.

Traka ndizo zinazodharauliwa. Ziko mamia, zinafanana, na kila moja ina urefu wake. Njia nzuri ni kuchukua ubao mwembamba, kugongea misumari midogo au kukata mapengo kwa mpangilio uleule, na kulaza kila traka kwenye pengo lake ikiwa na namba ya penseli. Ukizifunga kwa mpira kama kuni, utalipia wiki nzima ya kuzipanga upya.

Filimbi zinalazwa, hazisimamishwi. Madini yake ni mchanganyiko wa risasi na stani, laini kiasi kwamba mguu unaweza kujikunja kwa uzito wa mwili wenyewe. Trei ya mbao kwa kila rejista, karatasi laini isiyo na asidi kati ya filimbi na filimbi, na vigawanyo ili zisibingirike. Usiingize ndogo ndani ya kubwa ili kuokoa nafasi. Ni desturi ya zamani, na ndiyo iliyoacha makovu ya duara ndani ya filimbi nyingi. Filimbi ya mita 2.4 na kuendelea inahitaji kitanda chenye mihimili inayoishika sehemu nne au tano kwa umbo lake. Ukiishika ncha mbili tu inashuka katikati.

Glavu ni lazima, na kunawa kabla ya kula. Ule unga mweupe kwenye filimbi za risasi ni sumu. Usipulize vumbi kwa mdomo.

Konteina: ya futi 40 ina urefu wa ndani wa mita 12 hivi, kwa hiyo hata filimbi ya futi 16 inalala bila shida. Kinachosumbua ni jasho. Mchana bati linachemka, usiku linapoa, maji yanatonatona kutoka darini. Trei zifunikwe kitambaa kinachopumua, si nailoni iliyokaza, na mifuko ya kunyonya unyevu itundikwe pembeni. Omba nafasi chini ya sitaha.

Kreti za mbao zinatakiwa ziwe na mhuri wa kimataifa wa mbao zilizopashwa joto, nyuzi 56 kwa dakika 30 hadi kwenye kiini. Zisipokuwa nao, bandarini wanaweza kuamuru mzigo wote upuliziwe dawa. Dawa ya methili bromidi inaharibu ngozi na sufu, na inaacha harufu isiyotoka. Kwa mhuri mmoja uliokosekana unaweza kupoteza ngozi zote za vali.

---

Binti_Rungwe

Kreti_na_Konteina, umesahau pembe.

Vinanda vingi vya karne ya 19 vina vitufe vilivyofunikwa pembe za ndovu. Kwa vile vya New England kuna uhusiano wa moja kwa moja na kwetu: viwanda vya vitufe vya Connecticut, Pratt, Read na mwenzake Comstock, Cheney, vilinunua pembe zilizopita Zanzibar. Ndovu waliuawa bara, pembe zikabebwa na wapagazi hadi pwani, zikaishia chini ya vidole vya mpiga kinanda wa kanisa. Ninayatamka haya kwa sababu kwenye fomu za ukarabati pembe zinaandikwa kama "malighafi" tu.

Kwa upande wa sheria: kuvusha mpaka kitu chenye pembe kunahitaji vibali vya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), vya kutoka na vya kuingia, na uthibitisho wa umri wake. Baadhi ya nchi zinakataa kabisa. Kibali kiombwe miezi mingi kabla ya kufungua chombo, si baada ya konteina kujaa. Mifupa ya ng'ombe haihitaji kibali, kwa hiyo mtaalamu athibitishe kwanza ni ipi. Pembe ya ndovu ikikatwa mkingamo inaonyesha mistari inayopishana kama nyavu, mfupa unaonyesha vitundu na vistari vyeusi.

Mpingo nao uliingia kwenye orodha mwaka 2017 pamoja na jamii yake yote, lakini tangu mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika na sehemu zake zilizokamilika zimesamehewa. Mpingo ghafi, ambao haujachongwa kuwa sehemu ya ala, hauna msamaha huo.

---

Seremala_wa_Pwani

Dada Binti Rungwe, hapo umegusa penyewe. Na kama kitufe kimoja kimepoteza kifuniko chake, kizibwe kwa mfupa. Hakuna sababu ya kutafuta pembe mpya, hata iwe halali.

Sasa karakana. Sanduku la upepo ndilo roho ya kazi. Ndani yake kuna mifereji, mmoja kwa kila kitufe. Vali inafungua mfereji, na slaidi, ule ubao mrefu wenye matundu, inaamua safu ipi ya filimbi ipate upepo. Magonjwa makubwa ni matatu.

La kwanza, upepo kuvuja kutoka mfereji mmoja kwenda wa jirani. Unabonyeza D, unasikia D na mnong'ono wa Dis. Chanzo ni nyufa za mbao zilizokauka au gundi iliyoachia. Tiba ya kale, na bado ndiyo bora: sanduku linapashwa joto, gundi ya moto ya ngozi iliyotengenezwa nyepesi inamiminwa kwenye kila mfereji, linageuzwageuzwa ili ienee pande zote, kisha gundi inamwagwa nje. Inaingia kila ufa. Gundi ya chembechembe inalowekwa usiku kucha katika maji baridi, inapashwa taratibu hadi nyuzi 60. Ikipita 70 inapoteza nguvu. Uzuri wake mwingine ni kwamba fundi wa miaka mia ijayo ataifungua kwa maji moto na mvuke. Gundi nyeupe ya kisasa hairuhusu hilo, na baadhi yake hutoa mvuke wa asidi.

La pili, sauti isiyonyamaza. Umeachia kitufe, filimbi inaendelea kulia. Kabla ya kugusa springi, angalia uchafu: kipande kidogo cha mbao, msumari, hata mdudu aliyekufa kwenye ngozi ya vali kinatosha. Kisha ngozi yenyewe, ikiwa ngumu au imekunjamana. Kisha pini ya mwongozo, kama imeota kutu. Springi ni ya mwisho. Ukiikaza springi kuficha uchafu, umempa mpigaji kitufe kizito na ugonjwa uko palepale.

La tatu, slaidi kukwama wakati wa unyevu na kuvuja wakati wa ukavu. Katikati ya karne ya 20 mafundi wengi walitoa juu ya sanduku la kale na kuweka plaiwudi pamoja na sponji za kuziba. Sponji zile zinaoza na kugeuka ungaunga. Kama ubao wa asili haukutupwa, urudishwe. Nyufa zake zizibwe kwa vipande vya mbao ileile iliyozeeka, mwelekeo wa nyuzi uleule, kisha sehemu ya juu isawazishwe kwa randa kidogo mno, ukipima kwa rula ndefu ya chuma. Unga wa grafiti kwenye slaidi. Mafuta yoyote, hapana.

---

Kemia_ya_Kanisa

Kuhusu huo mvuke wa asidi, watu wengi hawajui ukubwa wa tatizo. Kinanda cha fundi Stellwagen cha mwaka 1637 kilichoko St. Jakobi, Lübeck, kilianza kuonyesha miguu ya filimbi ikiliwa hadi kutoboka. Watafiti wa Göteborg na wenzao, katika mradi wa Ulaya wa miaka ya 2000, walifuatilia chanzo. Mbao za mwaloni hutoa asidi ya asetiki, ileile ya siki, na ndani ya sanduku lililofungwa asidi inakusanyika. Upepo unaibeba moja kwa moja ndani ya mguu wa filimbi. Risasi ikikutana nayo pamoja na unyevu na hewa ya ukaa inageuka unga mweupe. Filimbi zenye stani nyingi hustahimili, zenye risasi karibu tupu ndizo zinazoliwa.

Kwa hiyo ukikarabati sanduku la mwaloni, usiongeze mwaloni mbichi pasipo lazima, na epuka gundi zinazotoa asidi. Kagua ndani ya miguu kwa kamera ndogo ya mrija kabla ya kuamua filimbi ni nzima. Nje inaweza kung'aa na ndani imebaki ganda.

Kuosha: maji vuguvugu, sabuni laini isiyo na soda kali, brashi ya nywele, kausha papo hapo. Brashi ya waya na dawa za kung'arisha chuma ni marufuku. Unga mweupe ukiwa mwingi, usiukwangue. Mwite mhifadhi wa madini.

---

Sauti_ya_Tatu

Nimeelewa. Na filimbi zilizobonyea au zilizopotea?

---

Mvukuto

Iliyobonyea inavalishwa kwenye mti wa duara uliolainishwa, wenye kipenyo kidogo kuliko chake, na kusuguliwa taratibu hadi irudi. Usiigonge. Sehemu za juu zilizochanika kwa sababu ya koni za kutuni (vyuma vya kupanua au kubana ncha ya filimbi) zinachomelewa kwa kiraka cha mchanganyiko uleule wa madini, na baada ya hapo filimbi ivalishwe pete ya kutelezea, ili koni isiirarue tena. Pete inaweza kutolewa, kwa hiyo haibadilishi chochote.

Mdomo una sehemu tatu za kuheshimiwa: mdomo wa juu, mdomo wa chini, na kile kiwambo cha ndani kinachoacha ufa mwembamba upepo utoke. Kama filimbi haisemi baada ya safari, mara nyingi kiwambo kimesogea kidogo kwa mtikisiko, chini au juu. Sauti ikichelewa, ikiruka oktava, au ikiwa na pumzi nyingi na nguvu haba, kiwambo ndicho cha kushuku kwanza. Kinasogezwa kwa fimbo kutoka juu au kwa waya kupitia tundu la mguu, kiasi kidogo kuliko unene wa karatasi, unasikiliza, unasogeza tena. Hiyo ni kurudisha. Kuongeza mikwaruzo kwenye ukingo wa kiwambo ili sauti iwe laini ni kubadilisha, na hakuna njia ya kurudi.

Zilizopotea zinatengenezwa mpya kwa kufuata jirani zake wa kushoto na kulia: kipenyo cha kati, unene wa bati uleule, madini yaleyale baada ya kupimwa. Kila mpya iandikwe mwaka wake kwa siri nyuma ya mguu.

Za ulimi: usinyooshe wala kukunja upya ulimi wa shaba. Mkunjo wake ndio sauti. Futa vumbi kwa kipande cha karatasi safi kilichopitishwa chini ya ulimi, basi.

---

Mlezi_wa_Kwaya_DSM

Wakuu, na kwetu pwani? Tuseme usharika wa Ujerumani unatoa kinanda kwa kanisa la Dar au Tanga. Je, kitaishi?

---

Kreti_na_Konteina

Kitaishi iwapo jengo limeandaliwa kabla hakijafika. Mambo yanayokiua:

Unyevu unaopandashuka. Chombo kinapenda asilimia 45 hadi 60. Pwani inakaa 70, 80, na kwa muda mrefu. Mbao zitavimba, slaidi na vitufe vitabana, gundi ya ngozi italainika na kuota ukungu. Lakini kibaya kuliko unyevu ni kiyoyozi kinachowashwa Jumapili tu. Kila wiki mbao zinakauka kwa saa nne kisha zinavimba tena, na nyufa zinafuata. Ama kipunguza unyevu kifanye kazi usiku na mchana na umeme wa akiba upo, ama madirisha yaachwe wazi na chombo kizoeshwe hali ya hapo kwa miezi, nafasi za slaidi na vitufe zikirekebishwa baada ya kuzoea. Nusunusu haifai.

Mchwa na bungua. Kinanda kisiegemee ukuta wala kisikae juu ya udongo. Kiwe juu ya miguu yenye sahani za chuma. Mbao za msonobari zilizotoka Ulaya ni chakula kitamu. Kama bungua wamo tayari, waondolewe kabla ya kusafiri, kwa kufunga sehemu za mbao ndani ya mfuko wa naitrojeni wiki kadhaa. Dawa ya kupaka kwenye ngozi na mifereji, hapana.

Mavu hujenga vichuguu vya udongo kwenye tundu lolote. Wavu laini kwenye madirisha na kwenye mdomo wa feni.

---

Mvukuto

Na kwenye halijoto ndipo nilipoahidi kurudi. Filimbi ya kawaida inapanda takriban hezi 0.75 kwa kila nyuzi moja ya joto, ukihesabu kwenye A ya 440. Kinanda kilichotuniwa Ujerumani kwa nyuzi 18, kikiwekwa Dar kwa nyuzi 28, kitasoma karibu 447. Hapo mtu atasema kimeharibika na kukimbilia kurefusha filimbi. Hakijaharibika, ni hewa. Filimbi za ulimi kwa upande wao hazipandi kiasi hicho, kwa hiyo zinaonekana zimeshuka. Tuni za ulimi zifuate nyingine kwa kusogeza waya, kazi ya dakika chache kwa kila moja. Filimbi nyingine ziache.

Feni ya umeme ivute hewa kutoka chumba kilekile ambamo filimbi zimesimama. Ikivuta kutoka darini, ambako bati limechemka, unapuliza hewa ya nyuzi 40 ndani ya filimbi za nyuzi 28, na safu zilizo karibu na mlango wa upepo zinapotea kwanza. Na feni ilishe mivukuto ya asili, isiichukulie nafasi. Weka vali ya kuzuia upepo kurudi, ili siku umeme ukikatika mtu aikanyage mivukuto na ibada iendelee.

---

Seremala_wa_Pwani

Nimalizie na usimikaji. Sakafu ipimwe na mhandisi kwanza, hasa kama ni roshani ya mbao. Uzito uko kwenye nukta chache, chini ya nguzo za kabati. Fremu isawazishwe kwa pima maji ndefu. Masanduku ya upepo yakilala upande hata kidogo, traka zinasugua na slaidi zinajipinda.

Acha njia ya kupita mtu nyuma na kati ya safu, sentimita 50 kwa uchache. Kinanda kisichofikika hakituniwi, na kisichotuniwa kinaachwa. Kinanda cha karakana ya Hook cha mwaka 1870 kutoka Woburn, Massachusetts, kilipopelekwa Berlin na kufungwa na karakana ya Eule katika kanisa la Heilig-Kreuz, Kreuzberg, mwaka 2001, kilipata kanisa kubwa lenye dari refu, na hiyo ni sehemu ya sababu uhamisho ule unasifiwa. Chombo kilipata nafasi ya kusimama na ya kusikika.

Jua la moja kwa moja lisikipige. Jengo likipakwa chokaa au kukwanguliwa sakafu, kazi hiyo iishe na vumbi litulie kabla trei ya kwanza haijafunguliwa.

---

Mlezi_wa_Kwaya_DSM

Nimeelewa, wakuu. Kikishasimama, tunaweza kukizindua baada ya muda gani?

---

Mvukuto

Msipange tarehe ya uzinduzi kabla ya mbao kutulia. Utaratibu: simika kabati, masanduku na mivukuto, washa upepo bila filimbi, sikiliza mivujo kwa siku kadhaa na kuiziba. Pima presha kwa mrija wa maji na uilinganishe na ile mliyoandika kule kilikotoka. Ikipishana kwa zaidi ya milimita moja au mbili, rekebisha mawe ya mivukuto na si filimbi. Ingiza safu moja ya futi nne ambayo haikuguswa, ituni iwe kipimo cha nyingine zote, kisha safu moja moja. Halafu kiache misimu miwili, wa mvua na wa kiangazi, kikitumika ibadani kama kawaida. Slaidi zitakazobana na traka zitakazolegea zitajionyesha zenyewe, na kutuni kwa mwisho kufanyike baada ya hapo, asubuhi, kwa halijoto ileile ambayo kanisa huwa nayo saa ya ibada.